Fisi Hakuwa na Ratiba ya Basi

Fisi wa methali alinusa nyama njia mbili,
akaweka mguu huku, mguu kule,
akapasuka msamba.
Sawa. Lakini fisi hakuwa na ratiba ya basi.
Mimi ninayo, nimeibandika kwenye mlango wa friji
kwa sumaku yenye umbo la ng'ombe:
alfajiri, upimaji ardhi;
jioni, sheria;
katikati, saa tano za kuuza miwani
dukani kwa Bwana Etchegaray,
ambaye kila Jumatatu huniuliza,
"Leo wewe ni nani?"

Mto wetu hapa Montevideo ni mpana
hadi wageni huuita bahari.
Siku nyingine una chumvi,
siku nyingine una ladha ya tope,
na hakuna anayeudai ujaze fomu
kusema umechagua maji gani.

Mama yangu, Nelda, hushona mashuka ya hospitali.
Mshika mbili moja humponyoka, husema,
uzi ukiwa mdomoni.
Nami humjibu: nimeshika moja tu, mama,
ina mishikio miwili.
Hucheka kidogo, kisha hunipa kikombe.
Kinywaji chetu kinaitwa mate (msicheke,
kweli hupita mdomo hadi mdomo
kwa mrija mmoja).

Haya yote yalianza Tacuarembó, nikiwa na miaka tisa.
Babu Osmar alikuwa na hekta arobaini na seng'enge,
na usiku mmoja, alisema, seng'enge ilihama.
Jirani akaapa kwamba seng'enge haina miguu.
Akaja mwanasheria, akauliza hati iko wapi.
Akaja mpimaji, akauliza jiwe la mpaka liko wapi.
Hati ilisema "hadi kwenye jiwe".
Jiwe lilikuwa limemezwa na nyasi.
Kila mmoja alichukua ada yake,
akamnyooshea mwenzake kidole,
wakaondoka kwa gari moja.
Mimi nilikuwa nimeshika themosi.
Nikasema moyoni: nitakuwa wote wawili,
nione nitamnyooshea nani kidole.

Miaka minne sasa.
Nimewahi kuchora pembetatu katika jibu la urithi;
mwalimu aliweka alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa kama ndoana.
Nimewahi kulala nimesimama, nikamuuzia padri miwani ya mtoto.

Desemba hii mitihani miwili iligongana:
Alhamisi, saa tatu, majengo mawili.
Bi Ofelia wa dirisha la sita alitazama kompyuta,
akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.
"Mfumo haujui kwamba wewe ni mmoja," alisema.
"Unaona wanafunzi wawili, na wote wazima."

Nilishuka kituo cha upimaji. Nilifaulu, kwa kukwaruza.
Kwenye orodha ya pili, mbele ya jina langu: *hakufika*.
Nililisoma neno hilo
kama tangazo la msiba wa jamaa uliyekuwa ukimdai.

Likizo nikaenda Tacuarembó na darubini ya kuazima.
Siku mbili za jua, miiba, inzi,
Babu kwenye kiti akinitazama, kofia machoni.
Siku ya tatu sepetu ikalia: *kang*.
Jiwe. Na msalaba wake juu, umechongwa.

Nikapiga hesabu mara tatu.
Seng'enge haikuwa imehama.
Kama kuna aliyehama, ni Babu,
hatua kumi na moja, zamani sana,
kabla mama hajazaliwa.

Mpimaji ndani yangu aliandika namba, akafunga daftari.
Mwanasheria ndani yangu aliinua kichwa:
"Nani mwingine ameona?"

Fisi, ndugu yangu, ulikuwa na bahati,
kwako zilikuwa nyama tu.

Mtihani wa marudio ni Februari, siku kumi na tisa zimebaki.
Babu ananiita tukanywe.
Sepetu bado iko mkononi,
na shimo liko wazi.