Asiyelitaka Ziwa

Juu ya Kalinzi, mashamba ya kahawa yanapokoma
na msitu uliobaki kuanza, mdogo kama kiraka cha kanzu,
ndipo tulipopiga magoti, mimi na Daktari Mwombeki,
tukipekua majani makavu moja moja
kama watu waliodondosha pete.

Mama alicheka hadi akakaa chini.
"Ziwa lote lile, mwanangu,
na nyinyi mnatafuta vyura mlimani?"

Lakini huyu hakulitaka ziwa.
Ni mdogo, anaenea juu ya ukucha wa dole gumba,
rangi yake ni ya jani la juzi,
mguu wake haukuumbiwa kupiga mbizi.
Mayai huyaficha kwenye udongo wenye unyevu,
chini ya mzizi, mbali na mto,
na mtoto hutoka humo akiwa chura tayari:
hana mkia, hajawahi kuwa kiluwiluwi,
hajui kuogelea hata ndotoni.

Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Huyu ng'ombe hamjui.
Sauti yake ni bawaba isiyotiwa mafuta,
kii, kisha kimya, kisha kii,
na ukisogea na tochi, mlango wote unafungwa.

Jenasi moja, alisema Daktari, spishi nyingi,
na kwa macho utadanganyika.
Dume ana kidole cha tatu kirefu mno,
kama anayemwelekeza mgeni njia;
hicho kinakwambia ni dume, hakikwambii ni nani.
Ni nani, hilo husemwa na sauti.

Basi nikajifunza kusikiliza.
Daftari la mistari, Februari nzima, mvua mgongoni:
anayelia mara moja.
Anayelia mara mbili akapumzika.
Anayelia kama shilingi iliyoanguka kwenye saruji.
Na mmoja, bondeni kwa Bihogo, usiku wa tarehe kumi na tisa,
ambaye hakufanana na yeyote.
Nikaandika: Namba Saba. Hana jina.

Tulimkosa.
Tuliowapata waliingia kwenye spiriti,
wakapauka wote rangi moja ya chai ya maziwa,
na ndani ya chupa, niliona,
kimya ni spishi moja tu.

Mwaka uliofuata Bihogo alilima bonde lile, akapanda maharage.
Simlaumu. Watoto sita, na ada haingoji.
Maharage yalikubali; alituletea debe zima,
nami nikayala, yalikuwa matamu.

Sasa nauza mbolea na mbegu karibu na soko.
Daftari liko chini ya mizani, kurasa zimeshikana.
Jana mvua ya kwanza ilipopita,
mume wangu alishika kichupa cha mafuta
akaufuata mlango wa stoo unaolia.
Nikamwambia, ngoja.
Fungua tena.
Taratibu.
Hapana, usifunge, nyamaza kidogo,
hiyo ya pili
haikutoka mlangoni.