Ninaposimama

Siku ya kwanza aliletwa na mama yake,
maana leseni ya gari alikuwa hajapata,
njumu zake ndani ya mfuko wa dukani
na jina, Ewan Thirlwell, kwa wino mzito
kwenye ulimi wa kila kiatu, kama mtoto wa bweni.
Miaka kumi na tisa. Shingo ndefu. Salamu ya kunong'ona.
Aprili, Durham, baridi ya kung'ata masikio,
watazamaji arobaini waliojifunika mablanketi,
na mmoja, namjua, huja kusinzia tu.

Mimi ni mlinda wiketi. Kazi yangu kudaka
kile ambacho mpigaji amekikosa au amekiogopa.
Vidole vyangu vimepinda kama tangawizi;
kila kifundo kina jina la mrushaji aliyekivunja.

Mpira wake wa kwanza ulidunda, ukanipita juu ya glavu,
ukafika mpakani. Mikimbio minne ya bure,
na ya bure huandikwa dhidi yangu.
Wa pili niliusikia kabla sijauona.
Wa tatu ulinipiga kiganjani,
nikageuka, nikajifanya natazama mawingu.
Ndipo nikarudi nyuma hatua mbili.
Hakuna aliyesema neno. Wale watatu wa pembeni yangu
nao wakarudi, kimya, kama watu
wanaompisha mchukuzi mwenye gunia.

Hivyo ndivyo ninavyopima kasi.
Mashine ipo, yenye namba za kijani,
lakini mimi huamini nyasi kati ya buti langu na vijiti.
Mei, hatua kumi na saba. Juni, kumi na tisa.
Julai, kule Taunton, ardhi kavu kama mkate wa juzi,
nilichora alama yangu kwenye ishirini na mbili
na bado mpira ulinifikia ukipanda.

Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kusimama pale.

Akanunua gari. Jekundu, mlango mmoja wa bluu.
Sasa yeye ndiye aliyempeleka mama yake zamu ya usiku.
Magazeti yakajifunza kuliandika jina bila kukosea.
Kocha akasema, ova nne zaidi. Nahodha akasema, moja tu.
Na mimi, sijitoi, nilipiga makofi kwa glavu zangu
nikipaza sauti: tena, kijana, tena.

Agosti akaanza kufunga kamba za njumu kwa mafungu:
goti, pumzi, kisha kamba.
Picha ya hospitali ikaonyesha ufa,
mwembamba kama unywele,
pingili ya tano, upande wa kushoto.
Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huu hauzibwi kwa udongo wala saruji.
Huzibwa kwa kulala chali miezi mingi
katika chumba ulichokulia,
ukisikiliza gari lako likiendeshwa na mtu mwingine.

Nilikwenda kumwona mara moja. Nilipaswa kwenda zaidi.
Alikuwa na mpira mkononi, akiuzungusha
kwa vidole viwili, mshono hivi, mshono hivi,
kama mtu anayetafuta kituo cha redio.
Tuliongea habari za ule mlango wa bluu.

Aprili ikarudi na baridi yake ile ile,
na msinziaji wetu kwenye kiti chake.
Walikuwa wamempunguzia mbio, wamemnyoosha bega;
mazoezini nilimdaka kwenye hatua kumi na nne.
Nahodha akamtupia mpira. Akausugua kwenye suruali.
Akatazama huku, na hakumtazama mpigaji.
Alitaka kuona nimesimama wapi.

Nikaiacha alama ya kumi na nne.
Nikatembea taratibu, nikihesabu,
hadi kumi na tisa, nikachora mstari kwa kisigino.
Wale watatu wakaniangalia, kisha wakanifuata.

Akaja. Mpira ukatua, ukampita mpigaji,
ukadunda mara mbili, ukanifikia ukibingirika.
Nikaupangusa majani, nikaurudisha.
Sikusogea.