Miraba Mia Mbili na Kumi na Minne

Karatasi iko kwenye mlango wa friji,
imeshikwa na sumaku yenye umbo la samaki
tuliyopewa bure kwenye duka la matairi.
Nimechora miraba kwa rula ya Velma,
mia mbili na kumi na minne,
kila mmoja dola mia.
Ukilipa, unapaka rangi. Sheria ndiyo hiyo tu.

Januari tulipaka mitano kwa kalamu nyekundu,
tukasimama kuitazama
kama watu waliojenga daraja.
Februari, mitatu.
Machi, nusu mraba,
maana bomba la jikoni liliganda likapasuka,
na fundi wa hapa Duluth hapokei asante.

Deni halikuja na pembe.
Lilikuja likiwa jino la Orrin,
likawa paa, likawa gia za gari,
likawa Krismasi ile tuliyotaka mtoto asijue kitu.
Tulilifungulia mlango wenyewe.
Tulililisha.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Lakini matanga huisha, jamani.
Watu hulia, hula, huoga, hurudi makwao.
Haya yetu yana miezi hamsini na tatu,
nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme.

Na hakuna anayekuhadithia habari za katikati.
Mwanzo una ari, mwisho una keki.
Katikati ni viazi.
Jumatatu viazi, Jumanne viazi na kitunguu,
Jumatano supu,
yaani viazi vilivyokata tamaa.

Bahasha ya raha ina dola nne na kifungo cha shati.

Dada yangu Aune anapiga simu kutoka kwenye joto,
nasikia maji ya bwawa nyuma yake.
Jipe raha kidogo, Lempi, maisha ni mafupi.
Mafupi, ndiyo.
Riba ndiyo ndefu.

Kisha Novemba, nikitafuta funguo
ndani ya glavu ya Orrin, nikakuta risiti:
mashine ya kutoboa barafu,
dola mia tatu na themanini na tisa, kwa kadi.
Kadi niliyoikata kwa mkasi mimi mwenyewe.
Kumbe namba alizikariri.

Sikupiga kelele. Mashuka ya hospitali
yalikuwa yamenimaliza usiku kucha.
Nilichukua penseli, nikachora miraba minne mipya
chini kabisa, nje ya fremu,
nikaenda kulala na viatu.

Aliiona alipokuja kunywa maziwa.
Alisimama sana. Friji ililia, mlango ulikuwa wazi.
Hakusema neno, na mimi sikumdai neno,
madai tulikuwa nayo ya kutosha.

Jumamosi akatoka na ile mashine begani,
akashuka ziwani kwenye wavuvi wenye mikono mizee.
Dola tano kwa tundu.
Wiki baada ya wiki alirudi na noti zilizolowa,
zinanuka chambo,
akazianika juu ya hita kama soksi.
Kufikia Machi miraba ya penseli ilikuwa imejaa,
na Velma akaizungushia nyota
bila kuulizwa.

Sitasema tumefika.
Imebaki mia moja na thelathini na mmoja.
Juzi gari limeanza kukohoa tena,
na ninajua kikohozi hicho.

Lakini leo nimerudi saa kumi na moja alfajiri,
theluji iko hadi dirishani,
wote wamelala. Nimelipa kwa simu nikiwa na koti,
nikafungua friji ili nipate mwanga.
Hakuna wa kunipigia makofi ila chupa za haradali.
Kalamu nyekundu imekauka.
Nimeitikisa, nimeilamba ncha, wapi.

Ndani ya mkoba wa Velma kuna ya kijani.
Naendelea na kijani.