Sampuli ya Goti la Kushoto

Sheffield, saa tano usiku, mvua imelegea.
Tramu ya mwisho imepita chini ya dirisha
na mimi bado nimevaa glavu za buluu,
nimeinamia kipande cha plastiki kisichozidi ukucha,
kilichotolewa gotini mwa mtu nisiyemjua.

Karatasi inasema: mwanamume, miaka sabini na mmoja,
goti la kushoto, la bandia, la tatu.
Dawa alizokwisha kupewa: safu nzima.
Majibu: sugu, sugu, sugu, sugu,
na mwishoni mtu amechoka kuandika
akapiga mstari kwenda chini.

Kwetu tunasema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawa dawa hawasikii, na kufa hawafi.
Anayekufa ni goti.

Nimewatazama kwa hadubini.
Mmoja mmoja ni wanyonge, unawaua kwa sabuni.
Wakishashikana hutema ute,
na kwa ute huo hujenga kuta, vichochoro,
mifereji ya kupitishia chakula,
na ndani kabisa hulala wale wasiokula, wasiokua,
wanaongoja dawa ipite kama mgambo wa zamu.
Umoja ni nguvu, tulikariri darasani.
Hakuna aliyetuambia kwamba na wao walikuwa wanasikiliza.

Philippa Garside, mkuu wa maabara, anawaita jiji.
Mimi nawaita ukoko,
kwa kuwa sufuria naijua.
Mama mdogo, Kiembesamaki, hakukwangua ukoko mkavu hata siku moja.
"Utaumaliza mwiko, ukoko utabaki."
Aliloweka kwanza: maji ya moto, majivu kidogo,
kisha akaenda kupiga soga kwa Bi Mwatima.
Akirudi, unabanduka wenyewe.

Ndiyo kazi ya kimeng'enya.
Natia tone. Hakiui, hakigombi na mtu,
kinakata nyuzi tu, sukari kwa sukari,
mpaka ukuta unasahau namna ya kusimama.
Baadaye peptidi, fupi, asidi amino ishirini na mbili,
jamaa ya zile zinazolinda ngozi ya chura
na machozi yako wewe unayesoma, sasa hivi.
Ina chaji chanya, inavutwa kwenye ngozi ya bakteria,
inaingia kama kidole katika utando wa maziwa.
Bakteria anavuja.

Jumatatu: vishimo tisini na sita, vyote safi.
Nikampigia Philippa usiku ule ule.
"Usifurahi," akasema, halafu akacheka yeye.
Jumatano: safi.
Ijumaa, kishimo cha pembeni, doa.
Dogo, rangi ya maziwa yaliyolala.

Nikaanza upya. Nikapunguza chumvi,
nikaongeza saa mbili za kuloweka.

Mji huu ulikuwa wa chuma.
Labda yule mtu alisimama mbele ya tanuru miaka thelathini,
nyusi zimeungua, anamimina jua kwenye kalibu.
Labda aliuza viatu.
Mimi namweka tanuruni, sijui kwa nini,
labda ili ute huu uone haya.

Barua ikaja Alhamisi, mistari miwili.
Mguu umekatwa, juu ya goti.
Sampuli nyingine haitaletwa.
Siku hiyo hiyo vishimo vilikuwa safi, siku ya sita,
hata kile cha pembeni.
Nilivitazama kwa muda.
Nikaandika tarehe.

Walio hai nimewaweka kwenye jokofu,
nyuzi themanini chini ya sifuri, na namba yake juu ya kifuniko.
Huko hawafi. Nao wanangoja.

Nyumbani nilipiga mswaki mpaka fizi zikalalamika;
ukoga nao ni wao, ndugu zao wa mbali.
Kisha nikaikuta sufuria ya wali wa jana.
Nikatia maji ya moto, nikaiacha.