Andalio la Somo: Mstari

Muhtasari wa darasa la awali unasema, wiki ya sita:
mtoto atambue mstari mnyoofu, mstari wa mshazari,
mstari uliopinda, na mstari wa mawimbi.
Zana: rula, kalamu za rangi, karatasi nyeupe.
Huku Bulongwa, wiki ya sita,
nina chaki tatu, watoto arobaini na mmoja,
na baridi iliyoingia bila kubisha hodi
ikakaa dawati la mbele.

Nilichora mnyoofu. Wakaitikia: mnyoofu.
Nilichora mshazari. Wakaitikia huku wakipuliza vidole.
Nilichora mawimbi.
"Mawimbi ni nini, mwalimu?" akauliza Lukelo Chaula.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Mimi mwenyewe maji makubwa niliyowahi kuyaona
ni ya bwawa la misheni, na yale hayana haraka.

Kesho yake nilikuja na sweta.
La kijani. Mama alinifumia mwaka nilipoitwa chuoni;
viwiko vimekwisha, kola imelala kama sikio la mbuzi.
Nikatafuta ncha pale shingoni, nikaikata kwa meno,
nikamwambia Enelia: vuta.
Akavuta. Safu ikakimbilia kushoto, ikageuka, ikakimbilia kulia,
trrr, trrr, kama panya darini,
na darasa zima likapanda juu ya madawati
kuangalia nguo inavyorudi kuwa njia.

"Mstari," nikasema, "ulikuwamo humu siku zote.
Mama aliukunja tu."

Tulikuwa na mifuko ya saruji, tumeichana na kuikung'uta vumbi.
Tulikuwa na uji mzito wa ngano, ndiyo gundi yetu
(wawili waliulamba, sikuwaona).
Kila mtoto akapewa uzi dhiraa moja, ya mkono wake mwenyewe:
mkono mfupi, mstari mfupi, na hakuna aliyenung'unika
ila Ombeni.

"Wangu mbovu. Hautaki kunyooka."
Akaubana huku na huku, akaukaza mpaka ukalia,
akaulaza kwenye gundi. Ukajikunja tena,
nundu, bonde, nundu, bonde,
kila kitanzi kikikumbuka kilipokaa miaka kumi na minne.
"Unatetemeka," Enelia akamwambia. "Wewe ungevuliwa sweta?"

Lukelo akasogea. Akainama, akautazama uzi kwa ubavu,
halafu akatazama dirishani, ng'ambo ya korongo,
mama zao walikopandisha matuta ya viazi
moja nyuma ya jingine, mpaka penye ukungu.
"Mwalimu. Ndiyo mawimbi haya?"
Ndiyo, nikasema.
Na mimi ndipo nilipojua.

Baada ya hapo sikufundisha tena, nilipita tu nikichungulia.
Huyu amebandika njia ya kwenda mashineni, na kona yenye mbwa mkali.
Yule kaufinyanga uzi wote ukawa donge: "Nyumbani kwetu. Tumo wote."
Ombeni, bado amenuna, kaweka jiwe kila upande
kumfundisha uzi adabu.
Enelia alianzia katikati ya karatasi, akafika ukingoni,
akapitiliza, gundi juu ya mbao ya dawati,
akaja kwangu na kiganja wazi.
"Umeniishia."
"Unakwenda wapi huo?"
"Makambako."
Baba yake yuko huko tangu msimu wa pareto uliopita.
Nikampa mkono mzima wa kushoto wa sweta, avute mwenyewe.

Jioni nilirudi na shuka begani, majirani wakicheka,
nikawasha kibatari, nikajaza andalio kama inavyotakiwa.
Zana zilizotumika: sweta moja.
Mahudhurio: wote.
Tathmini: wanafunzi wametambua mistari mitatu kati ya minne.
Mnyoofu bado.
Tuliutafuta darasa zima, na nje pia,
hatukuuona popote.