Kizingiti

Oulu, Januari: saa tisa alasiri, na nje ni usiku.
Mama kashika kidhibiti, au kidhibiti kimemshika;
mikono iliyolisha mashine za karatasi miaka thelathini na mmoja
sasa inatikisika bila ruhusa yake.
Kigari chake kiwamboni kinapepesuka kama mlevi,
kinagonga ukuta, kinarudi, kinagonga palepale.
"Duka linasema ninunue kingine," akasema.
"Kidhibiti, au mikono?"

Nikakibandua kwa kisu cha siagi.
Skrubu moja ikakimbilia chini ya jokofu.
Msimbo niliupata bure, kazi ya mtu wa Valparaíso
nisiyemjua sura wala sauti,
aliyeandika juu yake: Ukikufaa, chukua.
Ukiurekebisha, nirudishie nami nione.

Siku tatu nilihangaika, mwisho nikabadili namba moja tu.
Nikaiwekea mashine kizingiti:
mtikisiko mdogo ukibisha hodi, usifungue.
Ngoja hadi Hilkka mwenyewe aamue kukata kona.

Akakata.
Akanipita mara nne, mzunguko wa tano akanisubiri,
makusudi, ili anipite tena nikiona.

Namba nikaituma Valparaíso, pamoja na jina lake.
Yeye akanyanyua kikombe kunipongeza kwa kushindwa,
kahawa ikamwagika sahanini, mezani, mkononi.
Akaitazama.
"Na kijiko je, Antero? Nacho kina msimbo?"

Nikapiga magoti mbele ya jokofu,
nikaanza kuitafuta ile skrubu.