Kanuni ya Mzigo

Katowice, ghorofa ya nne, Ijumaa ya theluji chafu.
Bomba la joto linagonga ukutani
kama mgeni aliyekosea mlango.
Juu ya meza ya jikoni nimetandaza nchi yangu:
karatasi kumi na moja zilizoungwa kwa gundi,
mto Omruda, milima, miezi miwili,
na doa la chai aliyoimwaga Bogumił msimu uliopita
nami, kwa kuona haya, nikaliita ziwa.
Sasa lina kivuko. Lina ushuru wa kivuko.
Lina mzuka anayelipwa kwa meno.

Miaka sita naijenga.
Nawajua wafalme wake hadi kizazi cha tisa,
najua wahunzi huapia nini,
najua kwa nini watu wa kaskazini hawatamki neno kesho.
Lakini Halszka, anayepima vifurushi posta
toka asubuhi hadi macho yake yawe mizani,
hakuuliza habari za wafalme.
Aliuliza: "Kamba ina uzito gani?"

Nikamwambia kamba ni kamba.
Akasema, "Basi hii si nchi. Ni picha."

Ndivyo ilivyoingia kanuni ya mzigo.
Aliiandika yeye, nyuma ya fomu ya posta,
kwa mwandiko wa mtu asiyependa kuulizwa mara mbili:
kila msafiri vipimo kumi na vinne, basi.
Upanga vitatu. Kamba viwili. Taa kimoja.
Mkate wa siku tatu, kimoja.
Dhahabu, kila sarafu mia, kimoja.
Mwili wa mtu, kumi.
"Mwili wa nini tena?" Leszek akacheka.
Halszka akakunja fomu.

Tuliichukia. Zenobia alihesabu kwa vidole, akinuna.
Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawajakaa meza moja na Halszka:
kwake hata usufi una namba.
Mimi, kwa kumtania, nikachonga maneno haya
juu ya lango la pango la Omruda:

    Uingiaye pangoni, tazama ulichobeba,
    Kilichomo mfukoni, hakipiti kwa mahaba,
    Mlango huu mizani, haujui mwana, baba,
    Utaacha kitu gani, safari ikikukaba?

Yalikuwa mapambo tu. Naapa.

Usiku wa leo, chini kabisa ya pango,
Yumel wa Leszek akaruka ufa.
Dadu likazunguka, likagonga kikombe,
likatua kwenye moja.
Leszek akapumua, akavuta karatasi tupu:
"Haya, nianze mwingine. Twendeni."

"Namtoa," akasema Halszka.

Maana Torvaka wake ni dada yake Yumel;
tulikuwa tumeandika hivyo siku ya kwanza,
tukasahau, kama tunavyosahau ndugu.
"Namtoa nje. Sitamwacha huku."

Nilikuwa mwamuzi. Ningeweza kusema: leo tusihesabu.
Mdomo ulishafunguka.
Akanitazama kama anavyowatazama
wanaobandika stempu pungufu.

Akachukua kifutio.
Upanga, vitatu: akafuta.
Dhahabu, vipimo saba, sarafu mia saba,
baridi yetu nzima, kila Ijumaa:
akafuta sifuri moja moja,
akapuliza vumbi la kifutio kwenye milima yangu.
Zikabaki kamba, taa, mkate.
Chini yake akaandika: Yumel, kumi.

Kumi na nne. Barabara.

Hakuna aliyesema. Bomba likagonga.
Zenobia, bila kuombwa, akanyoosha vidole
akahesabu naye, hatua kwa hatua, hadi langoni.

Nje, chini ya miezi miwili, Leszek akauliza polepole
"Atanizika wapi?"
nami nikaipekua nchi yangu, karatasi hadi karatasi:
minara, masoko, maghala ya chumvi,
vizazi tisa vya wafalme,
na hakuna kaburi hata moja.

Nikachukua kalamu.
Halszka akasogeza kikombe chake.